Pesa Iliyokwama na Pesa Iliyokataliwa: Ziandike Kabla Hesabu Haijafungwa

Mteja amesimama mbele ya meza ya butiki katikati ya Makiso, Kisangani, simu mkononi. "Papa, nimekwisha kutuma." Simu ya muuzaji iko kimya. Au analipa kwa kadi ya benki: mashine imetafuta rezo (mawasiliano ya mtandao) kwa dakika nzima, kisha ikazima bila kutoa risiti. Mzigo utoke au ubaki? Na jioni ikifika, muamala ule utaandikwa wapi?

Kawaida ya wengi wetu ni kuandika kilicholipwa tu. Kilichokataliwa hakiandikwi kwa sababu hakikuleta kitu. Kilichokwama hakiandikwi kwa sababu "kitajulikana kesho". Lakini ugomvi kati ya muuzaji, mteja na benki huzuka hasa kwenye miamala hiyo miwili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa pesa ya simu na ya kadi habari yenyewe hudumu muda mfupi: ujumbe hufutwa, wino wa risiti hufifia, mteja hupanda teksi ya toleka akaenda zake Mangobo. Mwongozo huu unaeleza muamala hupita hatua zipi, kwa nini hukwama au hukataliwa, na namna ya kuuandika na kuudai kabla hesabu za siku hazijafungwa.

Hatua tatu za malipo

Malipo ya kadi hayafanyiki kwa tendo moja. Hatua ya kwanza ni kuomba idhini. Mashine ya dukani hupeleka ombi kwenye benki ya muuzaji; ombi hupita kwenye mtandao wa kadi, kwa mfano Visa au Mastercard, hadi kwenye benki iliyotoa kadi. Benki hiyo huangalia kama kadi ni halali, kama namba ya siri ni sahihi, kama salio linatosha na kama kiwango cha siku hakijapitwa. Kisha hujibu kwa namba ya tarakimu mbili. Jibu 00 maana yake ni ndiyo.

Idhini ikitolewa, kiasi kile huzuiwa kwenye akaunti ya mteja. Yeye hawezi kukitumia tena, lakini wewe bado hujakipata. Hatua ya pili huja mashine inapokusanya miamala yote iliyokubaliwa na kuipeleka benki, kwa kawaida mwisho wa siku. Hatua ya tatu ni ulipaji wa mwisho: benki hulipana, na akaunti ya duka huongezeka, mara nyingi baada ya siku moja au zaidi.

Pesa ya simu ni tofauti kidogo. Mteja na muuzaji wakiwa kwenye mtandao mmoja, wote wa M-Pesa ya Vodacom au wote wa Airtel Money, kukata na kuongeza hufanyika pamoja ndani ya mfumo mmoja. Ujumbe mfupi unaofuata ni taarifa tu. Unaweza kuchelewa wakati pesa imekwisha kuingia. Kukwama hasa hutokea pale mifumo miwili inapolazimika kuzungumza: kutoka benki kwenda kwenye simu, au kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Hapo upande mmoja unaweza kukata kabla upande wa pili haujaongeza. Pesa ya namna hiyo ni kama mzigo ulio ndani ya mtumbwi kati ya Makiso na Lubunga: umetoka ng'ambo hii, haujafika ng'ambo ile, lakini mwenye mtumbwi yupo na anajulikana.

Hali nne za muamala

Muamala wowote utakaouandika utakuwa katika moja ya hali hizi:

- Umekubaliwa. Kwa kadi, risiti ina namba ya idhini, kwa kawaida ya herufi au tarakimu sita. Kwa simu, salio lako mwenyewe limeongezeka.
- Unasubiri. Ombi limeondoka na jibu halijarudi, au upande mmoja umekatwa na mwingine haujaongezwa. Simu na mashine zetu huandika kwa Kifaransa, nawe utaona "en attente" au "en cours".
- Umekataliwa. Jibu limerudi na ni hapana. Hakuna pesa iliyohama.
- Umerudishwa. Ulikuwa umekubaliwa au unasubiri, kisha mfumo ukaubatilisha na pesa ikarudi kwa mwenyewe.

Kosa kubwa ni kuchanganya hali ya pili na ya tatu. Kilichokataliwa unaweza kukijaribu tena papo hapo kwa kadi nyingine. Kinachosubiri usikijaribu tena kabla hujajua kimeishia wapi, maana mteja anaweza kukatwa mara mbili kwa gunia moja la saruji.

Namba ya jibu inasema nini

Kwa kadi, mashine nyingi huchapa namba ya jibu hata muamala ukikataliwa. Usitupe karatasi hiyo. Hizi ndizo namba zinazoonekana mara nyingi:

- 05: benki ya mteja imekataa bila kueleza sababu. Mteja aipigie benki yake.
- 51: salio halitoshi.
- 54: kadi imepitwa na wakati.
- 55: namba ya siri si sahihi.
- 61: kiasi kimezidi kiwango kinachoruhusiwa.
- 75: namba ya siri imekosewa mara nyingi mno; kadi imefungwa.
- 91: benki iliyotoa kadi haipatikani kwa wakati huo.
- 96: mfumo una hitilafu.

Zigawe katika mafungu mawili. Namba 51, 54, 55, 61 na 75 ni mambo ya mteja na benki yake. Kurudia bila kubadilisha chochote hakuna faida, na kwa 55 kuna hatari ya kadi kufungwa. Namba 91 na 96 ni mambo ya mitambo. Baada ya muda muamala unaweza kupita. Kuhusu 05, usimwambie mteja mbele ya watu kwamba hana pesa. Namba hiyo haisemi hivyo.

Kwa pesa ya simu sababu huandikwa kwa maneno. "Solde insuffisant" ni salio kutotosha, ingawa hapa kwetu neno hilo humdanganya mtu. Akaunti ya M-Pesa nchini Kongo ina sehemu mbili, ya dola na ya faranga, na menyu ya *1122# humtaka mtu achague. Mwenye dola 80 akichagua faranga atakataliwa, naye ataapa kwamba pesa anayo. Mwombe aangalie salio zote mbili kabla hamjaanza kubishana. "Session expirée" ni hatari zaidi: muda wa menyu umekwisha, na ombi linaweza kuwa limepita au halikupita. Aangalie salio na orodha ya miamala yake ya mwisho kwanza.

Saa ya Kisangani na saa ya Kinshasa

Jambo moja huwachanganya wengi wanaodai pesa yao. Kisangani iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na makao makuu ya benki na ya mitandao yako Kinshasa. Muamala uliofanyika hapa saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1, kule ni saa tano na nusu usiku wa tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita. Ukiandika tarehe moja na wao wakatafuta nyingine, utaambiwa muamala haupo.

Andika saa na tarehe kama zilivyo kwenye risiti au kwenye ujumbe, usizigeuze kuwa saa za Kiswahili. Kama umeandika kwa kutazama saa ya ukutani, ongeza maneno "saa ya Kisangani". Hayo maneno matatu yanaweza kukuepusha na wiki nzima ya kupelekwa huku na huku.

Cha kufanya papo hapo

Wewe muuzaji, usiutazame ujumbe ulio kwenye simu ya mteja kama malipo. Ujumbe unaweza kutungwa, na picha ya skrini inaweza kuwa ya jana. Fungua menyu yako mwenyewe, angalia salio lako na muamala wa mwisho. Likiwa limeongezeka, toa mzigo hata kama ujumbe haujaingia. Kama halijaongezeka, sema kwa adabu: "Mama, ngoja kidogo, jibu halijarudi." Andika namba ya muamala iliyo kwenye simu yake, mwekee mzigo pembeni kwa jina lake, umpe karatasi inayosema kiasi, saa na kwamba malipo yanasubiri. Karatasi hiyo inamlinda yeye na inakulinda wewe.

Mashine ya kadi ikikatika kabla ya risiti, chapa nakala ya muamala wa mwisho. Mashine nyingi zina amri hiyo kwenye menyu. Nakala ikiwa na namba ya idhini, muamala umekubaliwa. Isipokuwa nayo, bado. Mashine zimetengenezwa ili zisipopata jibu zitume ombi la kubatilisha, lakini ombi hilo nalo linahitaji rezo. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya muamala na betri ikiwa imechoka, ubatilishaji unaweza kuchelewa hadi mashine iwake tena. Iache ikiwaka hadi imalize kuwasiliana.

Wewe mteja, usitie namba ya siri mara ya pili kwa kuharakishwa na foleni. Angalia salio kwanza. Ukiwa umekatwa na muuzaji hajapata, mwombe ile karatasi, uhifadhi ujumbe, usiufute.

Kwenye mashine ya kutolea pesa, hasa siku za mshahara wa walimu na wauguzi, hutokea akaunti ikakatwa na noti zisitoke. Hapo muda ni muhimu. Benki huzihesabu noti zilizobaki ndani ya mashine na kuzilinganisha na kumbukumbu yake. Noti zako zikiwa zimebaki, hesabu itaonyesha ziada. Ripoti siku ileile, ukitaja mashine ipi, saa ngapi na kiasi gani, ili ziada ile ipate mwenyewe.

Daftari la miamala isiyokamilika

Tenga daftari peke yake, au jedwali la kompyuta kama unalo. Safu nane zinatosha: tarehe na saa, njia ya malipo, namba ya muamala, kiasi, sarafu, hali, jibu au ujumbe uliotoka, kilichofanyika na mwisho wake. Kwa kadi, andika tarakimu nne za mwisho tu. Namba nzima ya kadi, tarakimu tatu za nyuma yake na namba ya siri haziandikwi popote, hata mteja mwenyewe akikutajia.

Chukua mfano wa siku moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi:

*10:12. Kadi inayoishia 4471. Dola 120. Imekataliwa, jibu 51. Mteja amelipa taslimu. Imefungwa.*

*11:40. M-Pesa. Faranga 285,000. Simu ya mteja inaonyesha imetumwa, salio la duka halijabadilika. Namba ya muamala imenakiliwa. Mabati yamewekwa pembeni. Saa 12:25 salio limeongezeka, mabati yametoka. Imefungwa.*

*16:05. Kadi inayoishia 0983. Dola 350. Mashine imezima kabla ya risiti. Nakala haina namba ya idhini. Benki ya mteja imemtumia ujumbe kwamba dola 350 zimetoka. Haikurudiwa. Inasubiri.*

Mistari miwili ya kwanza imekwisha. Wa tatu ndio wenye kazi. Kinachoonekana ni kwamba benki ya mteja imetoa idhini na kuzuia dola 350, lakini jibu halikufika dukani. Ikiwa muamala haumo kwenye mkusanyo wa jioni, duka halitalipwa, na dola zile zitaachiliwa na benki ya mteja baada ya muda ambao hutofautiana kutoka benki hadi benki. Ikiwa umo, duka litalipwa na mteja anastahili mzigo wake. Benki ya muuzaji pekee ndiyo inayoweza kusema ni lipi kati ya hayo mawili, nayo itajibu haraka ikiulizwa kabla ulipaji wa mwisho haujafanyika. Baada ya hapo shauri huwa la kurudishiana pesa, na hilo huchukua siku nyingi zaidi.

Kufunga siku

Kabla ya kufunga duka, linganisha vitu vitatu: daftari la mauzo, orodha ya mashine au ya simu, na daftari la miamala isiyokamilika. Kisha andika ripoti fupi ya siku yenye mistari minne, mmoja kwa kila hali, pamoja na idadi na jumla. Dola zijumlishwe peke yake na faranga peke yake. Ukizichanganya kwa kiwango cha kubadilisha cha siku ile, kesho jumla haitakubaliana na ya benki.

Kinachosubiri kisiingie kwenye mauzo. Wengi hukiingiza kwa matumaini, kisha mwisho wa mwezi duka linaonekana lina faida ambayo haimo mfukoni. Kiache kwenye mstari wake na ukipe umri: siku 1, siku 2, siku 3. Kikipita siku tatu bila jibu, ulizo la mdomo limekwisha, sasa ni barua. Kilichokataliwa hakina pesa ya kuhesabu, ila idadi yake na namba zake za jibu ziandikwe, zitakusaidia mwisho wa mwezi.

Kupeleka malalamiko

Anza karibu. Kwa pesa ya simu, kabini (kibanda cha wakala) uliyoitumia inaweza kuthibitisha upande wake, lakini haina uwezo wa kurudisha pesa iliyokwama ndani ya mfumo. Kazi hiyo ni ya huduma kwa wateja au ofisi ya mtandao wenyewe. Beba simu yenye laini husika na kitambulisho, mara nyingi kadi ya mpiga kura, kwa sababu wataangalia kama jina la laini ni lako. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji itakurudisha nyumbani kumtafuta shemeji.

Kwa kadi, kila mtu aende kwenye benki yake: muuzaji kwa benki iliyompa mashine, mteja kwa benki iliyompa kadi. Benki ya muuzaji haiwezi kufungua akaunti ya mteja, na mteja asikubali kuambiwa "rudi kwa muuzaji" bila swali lake kuandikishwa.

Barua iwe fupi. Aya moja inatosha: wewe ni nani, muamala upi, tarehe na saa ya wapi, kiasi na sarafu, namba ya muamala, hali yake, na unachoomba. Kwa mfano: "Naomba kuthibitishiwa kwa maandishi kama muamala huu ulipata idhini, na kama umo kwenye mkusanyo wa tarehe hiyo." Ambatanisha nakala, baki na karatasi halisi. Toa barua katika nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa mapokezi.

Usipojibiwa, una pa kwenda juu zaidi. Benki na watoaji wa pesa ya simu husimamiwa na Benki Kuu ya Kongo, yenye ofisi hapa Kisangani. Mifumo ya malipo ina sheria yake, namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018. Mambo ya mawasiliano yenyewe, kama laini na rezo, yako chini ya mamlaka ya ARPTC. Wafanyabiashara waliojiunga na FEC, shirikisho la makampuni ya Kongo, wanaweza kupeleka malalamiko yao kwa pamoja kupitia ofisi yake ya jimbo la Tshopo. Na ukitapeliwa, hilo ni jambo la polisi na la mwendesha mashtaka. Nchi ina Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayogusa makosa ya mtandaoni.

Wanaovizia pesa iliyokwama

Muamala ukikwama, mtu huwa na wasiwasi, na matapeli wanajua hivyo. Simu itaita: "Sisi ni huduma kwa wateja, taja namba ya siri tuikwamue pesa yako." Hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji namba yako ya siri ili kuona muamala, namba ya muamala yatosha. Mwingine atatuma ujumbe wa uongo kwamba ameingiza faranga kwako kwa makosa, aombe umrudishie. Angalia salio lako. Kama halikuongezeka, hakuna cha kurudisha. Kama limeongezeka kweli, mwelekeze kwa mtandao wake uurudishe kwa utaratibu, usitume wewe mwenyewe kwa namba utakayotajiwa.

Mwisho wa mwezi

Ripoti za siku zikikusanyika, zisome pamoja. Namba 91 zikirundikana saa zilezile, peleka ukurasa huo benki na uulize kuhusu laini ya mashine yako. Labda inahitaji laini ya mtandao mwingine wenye rezo bora mtaani kwenu. Namba 55 zikiwa nyingi kuliko kawaida, chunguza vitufe vya mashine kabla ya kuwalaumu wateja. Namba 61 zikiwaangukia wateja wakubwa, hasa wanaonunua mizigo ya kupeleka Bafwasende au Isangi, waambie mapema waombe benki zao ziongeze kiwango siku moja kabla ya kuja. Na vilivyosubiri zaidi ya mwezi, vipeleke vyote benki kwa siku moja, katika orodha moja yenye jumla ya dola chini yake na jumla ya faranga chini yake, ukadai jibu la kila mstari.